Kufunga vihisi joto vya mita ya joto: mwongozo kamili kutoka Kigoma

Kaka na dada walirithi nyumba mbili za kulala wageni huku Mwanga, Kigoma mjini, zimepakana ukuta kwa ukuta, na boila moja uani. Boila hiyo inakula maganda ya mise (kokwa za michikichi) na kuni. Maji yake ya moto yanasukumwa na pampu hadi kwenye tangi la kila nyumba, yanaacha joto, yanarudi. Ugomvi wao ulikuwa wa kuni: nani anazimaliza? Walijaribu kugawana gharama kwa idadi ya vyumba, ikashindikana, maana nyumba moja inalaza wachuuzi wa dagaa wanaooga usiku na alfajiri, nyingine inajaa siku za harusi tu. Mwishowe nikawafungia kila nyumba mita yake ya joto, inayosoma kWh, yaani uniti zilezile tunazonunua kwenye LUKU.

Mita yenyewe haikunisumbua. Kilichotaka akili ni vihisi viwili vya joto, na ndivyo nitakavyovieleza hapa kwa kirefu. Mafundi wengi mjini wanaviita sensa. Mimi nasema vihisi, mteja asije akadhani nimekuja kuhesabu watu na makazi.

Mita ya joto inapima nini hasa

Ina sehemu tatu. Ya kwanza inapima maji yanayopita, kama mita ya maji ya kawaida. Ya pili ni jozi ya vihisi joto: kimoja kwenye bomba la kwenda, kingine kwenye bomba la kurudi. Ya tatu ni kikokotoo (kisichohusiana na mafao ya wastaafu), kinachochukua kiasi cha maji, kinazidisha kwa tofauti ya joto kati ya vihisi viwili, kinapata uniti. Kwa hesabu ya kichwani, meta moja ya ujazo ya maji ikipoteza nyuzi joto 1 imeacha takriban kWh 1.16.

Tia hesabu hiyo kwenye nyumba yetu. Maji yanazunguka meta ya ujazo 1 kwa saa, yanaenda na nyuzi 66 na kurudi na nyuzi 60. Tofauti ni 6, kwa hiyo nyumba inachukua kama uniti 7 kila saa. Sasa kihisi kimoja kidanganye kwa nusu nyuzi tu. Nusu nyuzi kati ya nyuzi 6 ni zaidi ya asilimia 8, na asilimia 8 ya kuni za mwezi mzima inatosha kuwarudisha ndugu wawili kwenye baraza la kata.

Kwa hiyo sahau kidogo habari ya joto halisi. Vihisi vyote viwili vikizidisha kwa nyuzi 1, vikasema 67 na 61 badala ya 66 na 60, mita bado itakuwa karibu sawa kabisa. Kimoja kikisema 67 na mwenzake 60, umeharibu. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo: chochote unachomtendea mmoja, mtendee na pacha wake.

Kabla ya kushika spana

Soma kilichoandikwa kwenye kihisi na kwenye kikokotoo. Utakuta Pt100, Pt500 au Pt1000. Ni waya au utando wa platini, na namba ndiyo omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) joto likiwa nyuzi 0. Joto likipanda, ukinzani unapanda: Pt100 inaongezeka karibu omu 0.385 kwa kila nyuzi 1, Pt500 omu 1.9, Pt1000 omu 3.85. Kikokotoo cha Pt500 hakiwezi kusoma Pt100. Hili linasikika kama jambo la kitoto, lakini mizigo ya huku mwisho wa reli inaagizwa Dar es Salaam kwa simu, na muuzaji akikosa ulichotaka anakuletea kinachofanana.

Angalia pia namba za jozi. Vihisi vya mita ya joto hupimwa kiwandani viwili viwili na kuoanishwa, kisha vinapewa namba moja ya jozi. Ukifunga mita mbili siku moja, kama nilivyofanya Mwanga, usifungue pakiti zote mezani ukachanganya. Mimi nafungua jozi moja, naifunga, ndipo nagusa ya pili. Kimoja kikifa, unabadilisha vyote viwili. Mteja atalalamika, mweleze kwamba ananunua jozi, kama ndara.

Kisha jaribio la chupa ya chai, ambalo sijawahi kuliruka tangu nilipojifunza. Unganisha vihisi vyote viwili kwenye kikokotoo ukiwa bado mezani. Jaza chupa ya chai maji ya moto ya kama nyuzi 60, tumbukiza vihisi vyote viwili pamoja vikiwa vimefungwa kwa raba ili ncha zigusane, ziba mdomo kwa kitambaa, subiri dakika kumi. Soma joto la kwenda na joto la kurudi kwenye skrini. Viko kwenye maji yaleyale, kwa hiyo tofauti isizidi 0.1 hivi. Rudia na maji ya ziwa au ya bombani. Jozi ikitofautiana kwa nusu nyuzi kwenye chupa ya chai, haitapatana ndani ya bomba. Irudishe kabla hujakata chochote.

Usijaribu kulifanya jaribio hili kwa multimeta ya bei nafuu. Ukiweka kwenye kipimo cha omu 2000, nyingi zinaonyesha omu nzima nzima, na kwa Pt500 omu 1 ni nusu nyuzi. Multimeta inafaa kujua kama waya umekatika au umegusana, na kuthibitisha aina: kwenye nyuzi 26, Pt100 husoma karibu omu 110, Pt500 karibu 551. Zaidi ya hapo itakupotosha.

Kijana ninayefanya naye kazi aliwahi kutupa jozi nzima pembeni akisema imeharibika kwa sababu kwenye maji yanayochemka ilisoma 97. Haikuharibika. Ziwa Tanganyika liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda juu zaidi ya hapo; maji ya Kigoma yanachemka kama kwenye nyuzi 97. Tabora, iliyo kwenye meta 1,200 hivi, yanachemka karibu na 96. Mia kamili kaitafute Tanga ufukweni.

Kuchagua mahali

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mafundi wanapoharakisha.

Kihisi lazima kikutane na maji yaliyokwisha kuchanganyika. Bomba linapotoka kwenye tangi, au pale tii inapoleta maji mengine, maji ya moto na ya baridi hutembea sambamba bila kuchanganyika kwa muda. Ukichomeka kihisi hapo kinasoma tabaka moja tu. Sogea mbele angalau mara kumi ya kipenyo cha bomba: kwa bomba la inchi mbili ni nusu meta na zaidi kidogo. Kama baada ya tii kuna elbo mbili, hizo nazo husaidia kuchanganya.

Vilevile hakikisha kati ya vihisi viwili na nyumba unayoipima hakuna tawi linalochota joto na kumpa mtu mwingine. Kwa wale ndugu nilikuta kibomba cha robo tatu kimetoka kwenye bomba la kwenda la dada, kimepita chini ya sakafu hadi jikoni kwa kaka. Kilikuwapo tangu enzi za baba yao. Nikakihamisha kabla ya kufunga kitu, na sikumwambia mtu mpaka kazi ilipokwisha.

Epuka sehemu ya juu kabisa ya bomba la mlalo, maana hewa hukusanyika huko na kihisi kitakuwa kinapima hewa. Ingiza kutoka ubavuni. Epuka pia bomba lililo juani. Juu ya mabati ya saa saba mchana kichwa cha kihisi kinaweza kupata joto ambalo halikutoka kwenye maji, na mwenzake aliye kivulini hana habari. Yote mawili yakae ndani au yote chini ya paa.

Mwisho, pima umbali wa waya kutoka kila kihisi hadi kikokotoo kitakapokaa, kwa kamba, ukifuata kona zote. Usikadirie kwa macho.

Ala au kuzama moja kwa moja

Kuna njia mbili za kumfikisha kihisi kwenye maji. Ya kwanza, kihisi kifupi kinazama chenyewe kupitia tundu maalumu, mara nyingi lenye uzi wa M10 kwenye boli valvu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya pili, unafunga ala, kibomba kilichozibwa upande mmoja, kama ala ya kisu, kisha kihisi kinaingia humo bila kugusa maji.

Kwa mabomba ya nusu inchi, robo tatu na inchi moja napendelea kuzama moja kwa moja. Bomba dogo halina nafasi ya ala; ala inakuwa fupi, nusu yake iko nje, na joto linatoroka kupitia chuma. Kwa bomba la inchi mbili na kuendelea, ala ni nzuri, na kihisi kinaweza kubadilishwa bila kumwaga maji.

Kwenye mita nyingi ndogo utakuta kihisi kimoja kimeshafungwa ndani ya mwili wa kipima maji tangu kiwandani, kinagusa maji. Basi mwenzake naye azame moja kwa moja. Usichanganye, kimoja kwenye ala na kingine majini, kwa sababu kilicho kwenye ala huchelewa kusikia joto. Boila ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi, kuchelewa huko kunageuka uniti za uongo.

Na tafadhali usifunge kihisi juu ya bomba kwa waya na tepu. Kinasoma ngozi ya bomba, na ngozi ya bomba ina joto pungufu kuliko maji. Nimekuta hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Urefu wa ala haukisiwi. Ncha ya kihisi ndiyo yenye platini, na inatakiwa ifike katikati ya bomba au ipite kidogo. Jumlisha urefu wa soketi inayochomoza, unene wa bomba, na nusu ya kipenyo cha ndani. Soketi ikichomoza milimita 30, bomba likiwa na unene wa 3.6, na kipenyo cha ndani 52, unapata 30 na 3.6 na 26: karibu milimita 60. Ala ya 65 inafaa. Ya 140 ingegonga ukuta wa pili. Ikiwa nafasi ni finyu, ingiza kwa mshazari wa nyuzi 45 ncha ikielekea kule maji yanakotoka, au tumia elbo, ala ilale katikati ya bomba ikikabili maji.

Kufunga

Zima boila, zima pampu, subiri maji yapoe. Maji ya nyuzi 70 hayasamehe, na bomba lililofungwa lina presha hata likiwa kimya. Funga valvu za pande zote, fungua sehemu ya kumwagia mpaka pasitoke kitu.

1. Kata na kufunga tii, soketi au boli valvu zenye tundu, kwenye kwenda na kurudi. Kama unachomelea soketi, chomelea kabla ala haijaingia.
2. Suuza mfumo wote. Pitisha maji mpaka yatoke safi, bila kutu wala vipande vya plastiki, kabla ya kuweka kipima maji na vihisi vya kuzama. Weka chujio mbele ya kipima maji.
3. Funga kipima maji mshale ukifuata maji. Kwa kawaida kinakaa kwenye bomba la kurudi kwa kuwa lina joto dogo, lakini kikokotoo lazima kiambiwe hivyo. Maji ya moto yametanuka. Ukikosea kati ya kwenda na kurudi kwa maji ya nyuzi 70 na 50, kosa ni kama asilimia 1.
4. Funga ala kwa uzi wa katani au tepu ya bomba. Kihisi cha kuzama moja kwa moja kina oringi yake, pete ya mpira ya kuzuia maji. Hapo usiongeze tepu, na kaza kwa kiasi.
5. Rudisha maji, toa hewa, panda hadi presha ya kazi, angalia uvujaji. Mpaka hapa vihisi vya ala bado viko mfukoni.
6. Futa ndani ya ala pakauke. Paka ncha ya kihisi gundi ya kupitisha joto (aina ya grisi, si gundi ya kubandikia), ingiza mpaka kiguse mwisho, kaza skrubu ya kukishika. Kihisi chenye alama nyekundu kinakwenda kwenye bomba la kwenda, cha bluu kwenye la kurudi.

Gundi ile inaachwa na wengi. Bila gundi, kati ya kihisi na ala kuna hewa, na hewa ni blanketi. Ikiwa umepaka kimoja, paka na cha pili, kwa kiasi kilekile.

Waya

Sasa niungame. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii, nyumba moja upande wa Ujiji, niliona waya wa kihisi cha kwenda ni mrefu mno. Kikokotoo kilikuwa pale pale karibu, na ule mrundo wa waya ulinikera. Nikakata meta 2 kati ya 3, nikapanga vizuri, kazi ikapendeza. Vilikuwa Pt100 vya waya mbili, unene wa milimita 0.22 za mraba.

Shaba ya unene huo, kwenda na kurudi, ina karibu omu 0.16 kwa kila meta. Pt100 inaongezeka omu 0.385 kwa nyuzi. Kila meta ya waya kwa hiyo inaongeza nyuzi 0.4 za uongo. Waya zikiwa sawa, uongo uko pande zote mbili na unafutika. Nilipokata meta 2 upande mmoja, nilipunguza tofauti kwa nyuzi 0.8. Mfumo ule nao ulikuwa na tofauti ya nyuzi 6. Mita ilikula asilimia 13 ya joto la mteja, na ilinichukua wiki tatu kujua kwa nini. Nililipia jozi mpya kwa pesa yangu.

Kwa hiyo usikate, usiunge, hata kwa sentimita moja, waya wa jozi ya waya mbili. Uliobaki ukunje kwa mduara mlegevu, ufunge kwa vifungio vya plastiki, usiuzungushe kwenye bomba la moto. Pt500 na Pt1000 zinavumilia zaidi, kosa lingekuwa mara tano au mara kumi dogo, lakini sheria ni ileile. Umbali ukiwa mkubwa, agiza vihisi vya waya nne. Hivyo kikokotoo kinaondoa ukinzani wa waya chenyewe.

Pitisha waya za vihisi mbali na waya za pampu, nusu meta ikiwezekana, na usiziingize kwenye paipu moja ya umeme. Kwenye kikokotoo, mita nyingi za Ulaya zina vituo vya kufungia waya namba 5 na 6 kwa kihisi cha kwenda, 7 na 8 kwa cha kurudi. Waya mbili za kihisi hazina chanya wala hasi. Kugeuza kwenda na kurudi ndiko kunakoleta tatizo: mita itaonyesha tofauti hasi, au itakataa kuhesabu.

Kuvika bomba, na maji yetu

Funika bomba, soketi na kichwa cha kihisi kwa sponji ya mabomba, pande zote mbili unene uleule. Kipande cha chuma kilichoachwa wazi kinapoza ncha, na upepo wa ziwa wa jioni haujali kipimo chako.

Jambo moja tunalowashinda Wazungu: kwao majira ya baridi huwalazimu mara nyingine kuchanganya dawa ya kuzuia maji kuganda, na mita iliyotengenezwa kwa maji matupu inakosea maji yakiwa na dawa hiyo, kwa sababu hayabebi joto sawa. Huku tunatia maji tu. Lakini maji ya Tanganyika yana ualikali, pH yake ni karibu 9, na ukiyachemsha kila siku sufuria inaota ukoko mweupe. Ukoko huo unaota kwenye ala pia. Mfumo uliofungwa, usioongezewa maji mara kwa mara, hupata kidogo. Ule unaovuja na kujazwa kila wiki unahitaji ala zitolewe na kusuguliwa angalau mara moja kwa mwaka, na dawa yake ya kwanza ni kuziba uvujaji.

Kuthibitisha

Washa boila, acha mfumo utulie nusu saa. Soma kwenye skrini mtiririko, joto la kwenda, la kurudi, na nguvu. Zidisha mwenyewe: mtiririko mara tofauti mara 1.16. Ikiwa skrini inatoa takriban namba hiyo, kikokotoo kimepangwa sawa.

Andika daftarini namba ya jozi, namba ya mita, usomaji wa kuanzia na tarehe, kisha piga lakiri kwenye skrubu za vihisi na kwenye kikokotoo mbele ya wahusika wote. Kama mita itatumika kumtoza mtu pesa, waulize Wakala wa Vipimo kabla ya kuinunua.

Kisha rudi asubuhi, kabla kuni hazijawashwa. Kwa wale ndugu nilifika saa kumi na moja, wachuuzi wa dagaa wakiwa bado hawajaamka, boila imepoa tangu usiku. Niliwasha pampu peke yake, maji yakazunguka dakika ishirini bila moto. Hapo bomba la kwenda na la kurudi lazima viseme karibu kitu kimoja. Nyumba ya kaka ilisoma 31.2 na 31.1. Ya dada ilisoma 31.3 na 30.8. Nikafungua sponji, nikavuta kihisi cha kurudi: ndani ya ala mlikuwa na matone ya maji na gundi haikufika mwisho. Nikafuta, nikapaka upya, nikasukuma mpaka kikagusa. Ikasoma 31.2 na 31.2, nikapiga lakiri mpya.